Harufu ya Kilindo cha Nachilima

Yule mama wa ghalani alipokwangua nta kwenye mdomo wa kilindo, kile chombo cha gome la mti, na kukifunua, nilitafuta pa kukaa. Nikakaa juu ya gunia la ufuta la watu, bila ruhusa ya mwenyewe, nikafumba macho. Nta, moshi na mpunga mkavu. Harufu hizo tatu kwa pamoja sikuwa nimezinusa tangu nilipokuwa mtoto wa kufutwa kamasi. Wenzangu wakadhani jua limenikamata.

"Vovo, unaumwa?" akaniuliza Selestino. Huyu ni kijana wa kilimo aliyetuleta, mtu wa Inyambane huko kusini. Kiswahili chake amejifunzia kwetu, na kila bibi anamwita vovo kama walivyozoea kwao.

"Siumwi, baba. Nanusa."

Akacheka kwa adabu, akaniachia chupa ya maji.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipoonekana chini ya bahari yetu. Wageni walikuja na vyombo vya kupimia, wakatembea mashambani wakipigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu, na sisi wa upande wa ghuba ya Tungue tukaambiwa kuwa mashamba yetu yataingia ndani ya uzio, tutapewa mengine. Wakati tunangoja hayo mengine, wanawake tukapandishwa basi kwenda bara, tukaone wenzetu wanavyolima ufuta, wanavyofuga nyuki na wanavyouza pamoja. Safari ya mafunzo, ndivyo ilivyoitwa. Kila mmoja alipewa kofia na chupa ya maji. Mimi nilikuwa na kitu cha zaidi: kwenye pindo la kanga yangu nilikuwa nimefunga fundo la mbegu ya kaniki.

Kaniki ni mpunga wetu wa bondeni. Ganda lake ni jeusi kama ile nguo ya kaniki waliyovaa mama zetu, na sifa yake ni kwamba maji yakiwa na chumvi kidogo haununi. Mpunga mwingine ukionja chumvi unakunja majani na kufa. Kaniki inakunywa na kuendelea. Bonde langu, alilonirithisha mama yangu Zaina binti Amade, lilikuwa katikati kabisa ya vile vigingi. Na mashamba mapya tuliyosikia yanatajwa yalikuwa ya mchanga, juu, mbali na maji. Sasa mbegu ya bonde unaipeleka wapi kama bonde halipo? Niliichukua safarini kwa sababu nyumbani niliogopa kuiacha peke yake. Ndivyo ilivyokuwa, sina maelezo mazuri zaidi.

Asubuhi ndani ya basi Selestino alikuwa ameuliza, "Nani hapa amewahi kusafiri kwenda kujifunza kilimo na biashara?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Nami sikunyoosha, shule nilikaa kidogo mno, na ile tabia ya kunyoosha mkono haikuwahi kunikaa. Lakini nilikuwa nimesafiri. Njia ile ile, kwa miguu, chumvi kichwani, na mwalimu wangu alikuwa shangazi yangu Mwanashehe.

Nyie mnaolingana nami mnajua maisha yalivyokuwa. Wanaume wetu walikuwa Tanga, kwenye mkonge. Baba yangu Amisi alivuka mpaka pale Namoto nikiwa bado natambaa, na watu walipouliza yuko wapi, mama alijibu, "Yuko mkonge." Basi mimi nilijua Mkonge ni nchi, ina mfalme wake na bahari yake, na watoto wa huko wana bahati kwa sababu baba zao wote na baba zetu wote wako kwao. Nilikuwa nawaonea wivu hao watoto wa Mkonge.

Mwaka mmoja bamvua lilipanda kupita kiasi, likakata tuta letu, na bahari ikaingia bondeni ikakaa. Kaniki inavumilia chumvi, lakini haivumilii kuwa samaki. Hatukuvuna kitu. Akiba ya ndani tuliila, na ilipobaki ile ya mbegu mama aliizungukazunguka mpaka mdogo wangu Sefu alipoanza kuvimba miguu, ndipo alipoitwanga. Nakumbuka alivyopepeta siku ile. Alipepeta amefumba macho.

Na sheria ya bonde mnaijua. Ukiacha kulilima msimu mmoja, jumbe analiangalia. Wakati ule jumbe wetu alikuwa mzee Bakari Nasoro, na nduguze walikuwa wakilitamani bonde letu tangu zamani, maana linashika maji kuliko yote. Mvua zikianza na mama hana cha kumwaga, bonde limekwenda.

Shangazi Mwanashehe alikuja jioni, akakaa kizingitini akitafuna tambuu. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake mtu wa Rongui angeweza kuisikia akiwa kisiwani kwake. Akasema, "Zaina, acha kulia. Kaniki ipo kwa Nachilima, kule bara."

"Atakuwa amekwisha kuila," mama akasema.

"Nachilima? Nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu, mwaka wa arusi ya Tatu wetu. Niandalie chumvi. Na huyu Somoe nampeleka, akajue dunia inakula nini," akaninyooshea kidole.

Mama hakuweza kwenda. Alikuwa na kipande cha pamba ya serikali, ile ya kulazimishwa, na ukiacha pamba ya serikali sipai, askari wao, anakuja. Akatuandalia chumvi. Chumvi yetu hatukuinunua: wanawake walikwangua udongo mweupe nyuma ya mikoko, wakauchuja kwa maji ndani ya kifumbu, wakachemsha maji yale mpaka chungu kikalia. Mimi nikapewa kikapu changu kidogo. Shangazi akabeba kikubwa na ng'onda juu yake, wale samaki waliokaushwa wagumu kama gome la mti. Tulitoka kabla ya jua kuwa kali, mimi nyuma ya visigino vyake.

Kabla hatujaondoka nilikwenda kumuaga jirani yetu, bibi Mwajuma. Huyu alikuwa mkongwe sana, mwenye chanjo usoni, chale za ukoo, zisizofanana na za mtu yeyote kijijini. Sisi watoto tulikuwa tunalala mapajani mwake akatusimulia, kama mwingine anavyosimulia habari za sungura, jinsi alivyoletwa pwani akiwa mdogo. "Niliuzwa kwa chumvi," alikuwa akisema, na anaonyesha kwa mikono yake. "Kikapu kama hiki. Mjomba akashika kikapu, mimi nikashikwa mkono, basi." Hakuwa akilia akisema. Siku ile alikitazama kikapu changu, akakigusagusa, akaniambia, "Nenda urudi, mama." Sikuwaza zaidi.

Njiani shangazi alinifundisha kwa mchezo wake. Anaushika mmea, anauliza, "Hiki kinakwenda wapi?" Nikikosa, anataja yeye, na nikishakosa mara nyingi ananipiga kikonzi chepesi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ufuta, ambao nilipouona umemwagwa kwenye mkeka nilidhani ni viroboto, unakwenda kantina, duka la wanunuzi, na kutoka kantina unapanda meli kwenda kwa watu wanaoukamua mafuta. Korosho inakwenda kwa Wahindi wanaoijua siri ya kuibangua. Tumbaku inabaki hapa hapa, inaishia kwenye pua za wazee. "Na mtama?" nikauliza mimi. "Mtama hauendi popote. Mtama ni wa tumbo la mwenyewe. Mtu akiuza mtama wake ujue ana shida." Alijua kila kitu kinatoka wapi na kinamfuata nani. Chumvi yetu inaitafuta mihogo ya wabara, alisema, na nta ya wabara inatafuta nguo za dukani, na nguo za dukani zinatafuta pamba, "na pamba ndiyo inayomtafuta mama yako." Akatema tambuu.

Tulilala kwa watu aliowajua. Kila kituo alikuwa na jina la kuita: kwa Bi Tima Shale, kwa fundi Litumbe mchonga vinu, kwa yule mjane Asumini aliyekuwa na mbuzi kilema. Kwa fundi Litumbe nilikuta kitu cha duara, cha manjano, kizito, kinang'aa. Nikajua halua. Nikauma. Meno yakazama, yakakataa kutoka. Fundi alipiga kelele, "Mwanashehe! Mwanao anakula nta yangu!" Wakacheka mpaka yule fundi akalala chini. Mdomo wangu ulinuka nta mpaka kesho yake, na hata leo nikiona halua nzuri naigusa kwanza kwa kidole.

Kitu kimoja shangazi hakunieleza. Hakunificha. Kwake kilikuwa kitu cha wazi kama kula kwa mkono wa kulia, na nani anamweleza mtoto kwamba tunakula kwa mkono wa kulia? Aliniambia tu, tulipokuwa tunakaribia kwa Nachilima, "Ukifika pale, Somoe, usilielie." Nikaitikia. Nikadhani anasema kuhusu miguu yangu iliyopasuka.

Nyumba ya Nachilima ilikuwa juu ya mwinuko, uani kumefagiliwa kumekuwa kwekundu. Hatujapiga hodi, akatoka mwanamke mfupi, mpana, uso wote chanjo, na kwenye mdomo wake wa juu uliotobolewa amepachika ndonya nyeusi ya mpingo, kubwa, inacheza akisema. Nilikuwa sijaona ndonya kwa karibu. Hakusema karibu.

"Nani kaita hawa wanuka samaki?" akapaza sauti. "Toka jana nasikia uvundo, nikasema panya amefia darini, kumbe ni watu wa pwani!"

Shangazi yangu, ambaye kijijini mwanaume akimkatisha maneno anajuta, akashusha kikapu na kushika kiuno. "Panya akifia darini kwako atapata kufa kwa raha? Si utamla na mkia!"

"Tutamla! Nyie mnakula konokono wa baharini mnatema maganda, mnajiita watu!"

Akaja mbio, akamvua shangazi ushungi kichwani, akajifunga yeye. Akanyakua kikapu kikubwa cha chumvi, ng'onda na vyote, akaingia navyo ndani, akarudi kusimama mlangoni mikono imetanda. Shangazi anapiga makofi na kutukana. Majirani wanachungulia, hakuna anayekuja kuamua.

"Nipe mbegu yangu, mwizi," shangazi akasema. "Kaniki yangu."

"Kaniki? Tumekula! Ilikuwa tamu, tumekula yote, na maganda tumelalia."

Hapo mimi nikarudia maneno yake moyoni. Tumekula yote. Nikamwona mama amefumba macho anapepeta. Nikamwona mzee Bakari Nasoro anapima bonde letu kwa hatua zake.

Kisha yule mwanamke akaniona mimi. Akaninyakua mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama mpini. Na kwa mkono wa pili akachukua kile kikapu changu kidogo, akakipima uzito, akasema, "Basi huyu nimemchukua. Huyu ndiye malipo. Ataolewa na mwanangu, atanitwangia."

Nikamtazama shangazi. Na shangazi yangu Mwanashehe, dada wa baba yangu, akasema, "Mchukue! Ila anakula sana. Ana mdomo kama kinu. Nipe mbegu yangu niende zangu."

Nyie mnacheka. Mmekwisha kujua. Lakini mimi nilikuwa na mkono wangu ndani ya mkono wa mtu na kikapu cha chumvi ndani ya mkono wake wa pili, na kichwani mwangu alikuwa amekaa bibi Mwajuma anaonyesha kwa mikono: kikapu kama hiki. Sikulia, kwa kuwa niliambiwa nisilielie, na sasa nikaelewa kwa nini niliambiwa. Niliona safari yote kwa nyuma, mimi kuchaguliwa, kikapu kuwa kidogo cha saizi yangu, bibi Mwajuma kukigusagusa. Yote yakakaa sawa.

Jioni walikula pamoja, ugali wa mtama na kisamvu cha karanga na ng'onda zetu zile zile zilizonyang'anywa. Wakaendelea kutukanana huku wanasogezeana vipande vizuri. Hilo nililiona nikaona ndivyo watu wazima wanavyofanya biashara ikishakwisha. Nilikula kidogo, nisije nikathibitisha maneno ya shangazi juu ya mdomo wangu. Na usingizini, au kabla ya usingizi, nilifikiri kwa akili yangu yote ya kitoto. Nikaona kwamba nikitoroka, mbegu itakosekana. Nikibaki, shangazi ataondoka na kaniki, mama atamwaga bondeni, Sefu atapona miguu. Bibi Mwajuma naye alikuwa mtu mzima mwenye nyumba na kuku. Kumbe mtu anaishi. Nikaamua nitabaki. Sikuwa shujaa, msiniwekee ushujaa. Nilikuwa mtoto aliyeambiwa dunia inavyokwenda: hiki kinatafuta kile, na mimi nilijua sasa natafuta nini.

Alfajiri niliamka kabla ya wote. Nikachukua ufagio, nikafagia ua wa Nachilima wote, mpaka nyuma. Nikautia mtama wake kinuni, nikaanza kutwanga. Mchi ulikuwa mrefu kuliko mimi, ukawa unaniinua badala ya mimi kuuinua. Nachilima akatoka anajifunga nguo, akasimama.

"Mtani, unafanya nini?"

Neno mtani nilikuwa nalisikia kwa watu wakubwa, sikujua kwamba na mimi ninaye. "Natwanga, mama," nikasema. Nilimwita mama, ndiye mkwe wangu. "Kazi yote nitafanya. Ila mpe shangazi mbegu mapema, mvua isimkute njiani. Na ukiwa huna kaniki mpe yoyote. Na yule mwanao awe mzuri kidogo."

Akaita, "Mwanashehe! Mwanashehe, njoo! Mwanao ana nini?"

Shangazi akaja na mswaki mdomoni. Akanisikiliza. Akacheka cheko lile la kusikika Rongui, akamshika Nachilima bega wasianguke wote wawili, na majirani wakaja kusikia kwamba yule mtoto wa pwani amejiozesha. Wakarudia neno langu la "awe mzuri kidogo" mpaka likawa wimbo. Yule mwanawe mwenyewe, Ntandi, alikuwa bado ananyonya kidole gumba. Akaletwa mbele yangu, akanitazama, akajikojolea.

Nikasimama na mchi wangu. Nikasema, "Lakini bibi Mwajuma aliuzwa hivi hivi. Kwa chumvi. Kikapu kama changu."

Cheko la shangazi likakatika. Ndonya ya Nachilima ilikuwa imetulia. Nilikuwa sijaiona imetulia.

"Alitoka wapi huyo bibi?" akauliza taratibu.

"Huku huku," shangazi akasema. "Bara."

Nachilima akaja, akautoa mchi mikononi mwangu, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa. Alinuka moshi na nta. "Sikiliza, mtani," akasema. "Bibi yangu mimi alikuwa na dada. Alikwenda kuchota maji. Mtungi ulirudi, yeye hakurudi. Watu wa pwani walimla, ndivyo tulivyosema, maana hatukujua kuuzwa ni nini, tulijua kuliwa. Baadaye wazee wa kwetu na wazee wa kwenu walikaa chini wakachoka kuogopana. Wakasema, kuanzia leo tutanyang'anyana ushungi. Tutanyang'anyana chumvi. Tutatukanana mchana, watu wanaona. Na mtu akisema namchukua mwanao, basi kila mmoja acheke, kwa sababu hakuna anayemchukua mwana wa mtu tena. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa yote. Niliyoelewa ni kwamba nitarudi nyumbani.

"Na kaniki?" nikauliza. "Mmekula kweli?"

Akainuka, akaniongoza ndani. Juu ya jiko, pale moshi unapopita kila siku, kulining'inia kilindo cha gome la mti, cheusi, kirefu kama mtoto. Akakishusha. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na kifuniko, na ukingoni pote amepaka nta, dudu asipate hata pa kuingiza unywele. Akaikwangua kwa kisu polepole, akakifunua, akanisukumia uso wangu ndani.

Nta, moshi, mpunga mkavu. Nikaingiza mkono, ukazama katika kaniki mpaka kiwiko. Ilikuwa ya baridi.

"Kila mwaka napanda kidogo kule mtoni, navuna, naweka mpya," akasema. "Sisi hatuupendi mchele wenu, unateleza. Lakini wa mtani hauliwi."

Alitupa karibu yote. Akabakiza kiasi, akakiziba tena mbele yetu na nta mpya. Shangazi alimwachia chumvi yote, na Nachilima akatuongezea karanga na kipande cha nta cha kupeleka kantina. Walipoagana walitukanana mpaka tukafika chini ya mwinuko, wasisikiane tena. Ushungi wa shangazi haukurudi. Alirudi kwetu kichwa wazi kama mwali, na yeyote aliyemwuliza alimjibu kwa furaha, "Nimeibiwa na Nachilima."

Mvua ilitukuta siku moja baada ya kufika. Mama alimwaga kaniki na mzee Bakari Nasoro akapita pembeni ya bonde, akatusalimu, akaendelea na njia yake. Jioni ile nilikwenda kwa bibi Mwajuma. Nikamwambia nimerudi. Akasema, "Naona," akaninusa kichwani kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa ananusa moshi wa kule.

Basi hayo ndiyo yaliyonikalisha juu ya gunia la ufuta.

Nilipofumbua macho, mwenye kilindo alikuwa amesimama mbele yangu. Mwanamke wa umri wa binti yangu, hana ndonya, hana chanjo, ana simu shingoni. Walikuwa wamemwambia sisi ni wa wapi. Akanitazama mimi, akaitazama kofia yangu ya mafunzo, akalitazama gunia lake.

"Nani kamkalisha huyu mnuka samaki juu ya ufuta wangu?" akasema kwa sauti. "Nitamuuzia nani sasa? Hata ng'ombe hataunusa!"

Akaninyakua kofia, akaivaa.

Selestino alirukia katikati kama anayezima moto. "Senyora, pur favor! Huyu ni mtu mzima! Ni mgeni wetu!" Uso umemvuja jasho, maskini, mikono ameitanua kunikinga. Nilimpenda sana dakika ile. Nilijiona mimi mwenyewe na mchi wangu.

"Mwache, baba," nikamwambia, "nitakueleza kwenye basi." Nikamgeukia yule mama. "Wee mla panya. Jina lako nani?"

"Ajina. Na panya wa mwaka huu wamenona, wa kwenu wamekonda kama nyie."

"Bibi zako walikuwa na mtu anaitwa Nachilima?"

"Nachilima wako wengi. Kila ukoo una wake. Unamtaka yupi?"

"Yeyote," nikasema.

Nikafungua pindo la kanga. Nikaitoa kaniki yangu yote, nikammiminia kiganjani, nyeusi, inateleza. Aliutambua, akasema ni mpunga wa kwetu wa pwani, ila watu wa umri wake wameuona kwa wazee tu. Nikamweleza habari ya bonde na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Sikumweleza kwa huzuni, nilimweleza kama mtu anavyoeleza njia. Sijui kama nitapata mahali pa maji. Nikipata, nitakuja kuifuata, au atakuja mjukuu wangu Zaina, amepewa jina la mama yangu. Nikasema, "Niwekee."

Ajina aliimimina ndani ya kibuyu kidogo. Akaenda kwenye jiko la nyuma ya ghala, akayeyusha nta, akakiziba mbele yangu, akizungusha kidole chake ukingoni bila haraka. Selestino alikuwa ameacha kutoa jasho, anatazama.

Akakitundika juu ya moshi, akanigeukia, kofia yangu bado kichwani kwake.

"Usijisumbue kurudi," akasema. "Tutaila yote. Hutakuta hata punje."

Wenzangu wa rika langu wakacheka. Selestino akanitazama, uso umesinyaa kwa huruma. Mimi nilipanda basi kichwa wazi, nikakaa dirishani, na njia nzima mpaka pwani roho yangu ilikuwa imetulia.